Hip hop ya Dar na mfuko wa anayelipa

Mjadala huu hauchoki: Bongo Fleva iliua hip hop, au hip hop ndiyo iliyokua ikawa Bongo Fleva? Upande mmoja wapo wakongwe na mashabiki wao, wanaoamini kwamba Dar es Salaam ilikuwa na muziki wa kusema kweli, ukaja kuharibiwa na nyimbo za mapenzi na viitikio laini. Upande wa pili wanajibu kwamba muziki usiouzika ni wa kupigiana geto na washkaji, na kwamba bila hiyo fleva wakongwe wenyewe wasingejulikana ng'ambo ya Ubungo. Kila upande una hoja. Tatizo langu ni kwamba wote wanagombania ujumbe, wakati kilichobadilika zaidi ni mlipaji.

Kwanza, malalamiko yenyewe si mapya. Rap iliingia Dar mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia kaseti na kanda za video zilizoletwa na ndugu waliokuwa nje, na waliozipata mapema walikuwa vijana wa familia zenye uwezo, Upanga, Oysterbay na kwingineko. Televisheni Bara haikuwepo. Redio ilikuwa Redio Tanzania, ya serikali, na haikuwa na haraka ya kupiga makelele ya vijana. Kuchana, yaani kurap, wakati huo kulimaanisha kuchana kwa Kiingereza, au angalau kumwiga Mmarekani neno kwa neno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alipochukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice akaujaza maneno ya Kiswahili, wapo waliomshangilia na wapo waliomwona kichekesho. Kundi la Kwanza Unit, lililoundwa mwaka 1993 kwa kuunganisha makundi madogo, nalo lilitumia sana Kiingereza katika kazi zake za mwanzo. Akina Rhymson na KBC wa kundi hilo hawakuwa watu wa mzaha: waliifikiria hip hop kama utamaduni mzima, hata wakawa na taifa lao la kufikirika, taifa la Wakwanzania.

Kwa hiyo anayesema leo kwamba hip hop halisi ni Kiswahili kizito chenye maudhui, akumbuke kuwa Kiswahili hicho hicho kiliwahi kuonekana ushamba. Kilishinda kwa sababu ya soko zaidi ya uzalendo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi, na mwaka uliofuata Radio One na ITV zikawa hewani. Vipindi vya vijana vikahitaji nyimbo za nyumbani. Mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa alilianzisha jina la Bongo Fleva, kutenganisha nyimbo za hapa na zile za Marekani. Wakati huo rap ilikuwa ndani ya kapu hilo tangu siku ya kwanza. Hoja ya kwamba Bongo Fleva ilitoka nje ikaja kuivamia hip hop inaanguka hapo.

Ila hoja ya wakongwe haifi kirahisi hivyo, maana kitu fulani kweli kilipotea. Mimi nakitafuta Kariakoo, sokoni, kabla sijakitafuta kwenye mistari.

Enzi za kanda, msanii alirekodi kwa Bonny Luv pale Mawingu, kwa Master Jay au kwa P Funk Majani wa Bongo Records, kisha akabeba masta, ile rekodi ya asili, kwenda kwa msambazaji. Wasambazaji walikuwa wachache, nao ndio walioamua kanda gani itolewe na msanii apewe nini. Mara nyingi alipewa kidogo, na wezi wa kazi walimmalizia kilichobaki. Lakini mwisho wa mnyororo huo alikuwepo mtu wa Buguruni au Manzese aliyetoa fedha yake mfukoni. Akishainunua ile kanda anaisikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, anaigeuza, anaanza tena. Dereva wa daladala naye anaipiga kutwa nzima, abiria watake wasitake. Rapa aliyemtegemea mnunuzi huyo aliweza kujaza albamu nzima kodi ya nyumba, polisi, ukosefu wa ajira na ugali, kwa sababu mnunuzi mwenyewe alikuwa anaishi humo humo. "Hali Halisi" ya Mr. II, ambaye baadaye tulimzoea kama Sugu, ilivuma mwaka 1998 kwa mantiki hiyo. Kundi la Hard Blasters likafuata na albamu ya Funga Kazi mwaka 2000.

Kisha Professor Jay wa kundi hilo akatoka peke yake na "Ndio Mzee", wimbo ambao nadhani tunausifu kwa sababu isiyo sahihi. Tunasema uliwachana wanasiasa. Ni kweli: anaigiza mgombea jukwaani, anaahidi hiki, anaahidi kile, ahadi zinapanda mpaka zinakuwa kichekesho. Sasa sikiliza wanaomjibu. Kila ahadi umati unaitikia "Ndio mzee", kwa furaha ile ile, bila swali hata moja. Kiitikio, sehemu ambayo msikilizaji anaiimba, ndicho kinachomfunga msikilizaji kwenye kosa. Wimbo unamcheka mpiga kura kuliko mgombea, na mpiga kura akaununua, akaucheza harusini. Hapo ujumbe na biashara vilikuwa kitu kimoja, wala hakuna aliyeuliza kama ile ni hip hop au Bongo Fleva.

Tukiishia hapo tutakuwa tumewapendelea wakongwe. Zama za kanda zilikuwa na aibu zake, na kumbukumbu zetu huzipaka rangi. Wanawake waliokuwa wakichana walihesabika; Zay B na Sista P walikuwa na uwezo, lakini bifu lao lilizungumzwa kuliko mistari yao. Zaidi ya hapo, nyimbo za starehe zilikuwepo tangu zamani, na baadhi ziliandikwa kwa ufundi ambao wanaharakati wengi wa maiki hawakuufikia. Albert Mangwea, aliyefariki Mei 2013, aliimba kuhusu geto lake na kula bata, na bado ukimweka kwenye mizani ya vina, pumzi na mtiririko, wenye ujumbe wengi wanabaki nyuma. Ujumbe mzuri haujawahi kumwokoa rapa anayekimbizana na biti.

Vilevile, hip hop ya Dar haikuwa ya Dar peke yake. Temeke ilikuwa na lafudhi yake: Juma Nature na Wanaume wa TMK waliimba kama wanapiga soga kijiweni, na wilaya nzima ikasimama nyuma yao. Lakini Sugu ni wa Mbeya, Afande Sele wa Morogoro, Wagosi wa Kaya waliokaripia wauguzi kwenye wimbo wao ni wa Tanga, Fid Q wa Mwanza, Joh Makini wa Arusha. Dar ilikuwa na studio, redio na wasambazaji, basi. Watu wa Arusha wakidai kuwa wao ndio wenye hip hop na Dar ina maduka tu, huwa nacheka, ila siwezi kuwapinga moja kwa moja.

Katikati ya miaka ya 2000 kanda ikaanza kufa. Zikaja sidii za kuchoma, kisha nyimbo za kurushiana kwa simu, na mtu wa Buguruni hakuwa na sababu tena ya kununua. Hakuacha kusikiliza, aliacha kulipa. Fedha zikahamia kwenye shoo, kwenye udhamini wa bia na kampuni za simu, kwenye miito ya simu. Mdhamini anataka uwanja uruke, na wimbo wa dakika nne kuhusu kodi ya nyumba haurushi uwanja. Redio ikawa na nguvu isiyo ya kawaida, kwa kuwa wimbo usiopigwa haupati shoo, na bila shoo hakuna kula.

Mwaka 2011 Sugu na wenzake walioitwa Vinega waliliamsha kwa harakati za Anti-Virus, wakiishutumu redio ya Clouds kwa kuwanyonya wasanii na kuwabania wasiokubaliana nayo. Upande wa pili nao ulikuwa na la kusema, na halikuwa dogo: ni watu hao hao wa redio waliowapeleka wasanii mikoani kupitia matamasha ya Fiesta, wakawafanya vijana wa mtaani wawe majina ya taifa zima. Nikiyapima yote mawili, naona kwamba redio ilifanya kazi nzuri na mbaya kwa mkono mmoja. Iliwapa wasanii hadhira na papo hapo ikajiweka mlangoni. Kosa kubwa lilikuwa kwamba mlango ulikuwa mmoja, na hilo huwezi kumlaumu mwenye redio peke yake wakati sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999 na mirabaha ikabaki hadithi. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe marapa AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito bila ridhaa. Hukumu ile iliwashtua wengi kwa ukubwa wake. Mimi ilinionyesha ukubwa wa fedha zilizokuwa zinapita juu ya vichwa vya wasanii.

Mlipaji wa tatu akawa siasa. Sugu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, Professor Jay mwaka 2015 kwa Mikumi. Aliyemwigiza mgombea sasa akawa mgombea, na sina ubaya na hilo, wananchi walimchagua. Lakini tazama yaliyotokea mwaka 2017. Machi, rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo" na wimbo ukazuiwa. Haikuchukua hata siku mbili waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, ameagiza msanii aachiwe, na anashauri waongezwe wengine ndani ya mashairi, wakiwemo wakwepa kodi. Wapo waliolichukua kama ushindi wa hip hop. Kwangu ilikuwa ishara mbaya: wimbo uliokuwa kosa Jumapili ukawa halali kwa kupendwa na mtu mmoja, na mtu huyo akapendekeza na mistari. Wiki chache tu mbele, Aprili, rapa Roma alitekwa studio pamoja na wenzake, wakaonekana siku kadhaa baadaye. Mwanzoni mwa 2018 ikatoka orodha ya nyimbo zisizoruhusiwa kupigwa, za hip hop na za mapenzi mle mle, Roma pamoja na Diamond. Mamlaka hazikuona ule ukuta tunaoupigania sisi mashabiki.

Mwaka huo huo Sugu, akiwa mbunge, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa kumkashifu Rais. Miaka mitatu baadaye Nikki wa Pili, rapa wa kundi la Weusi, akateuliwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Mwaka 2023 Mwana FA akawa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa, yaani wizara yenye BASATA, baraza lenye mamlaka ya kuufungia wimbo. Mtu anaweza kusema ndiyo haki yenyewe: waliokuwa wanaitwa wahuni sasa wanakaa mezani, na bora naibu waziri anayejua studio inanukaje kuliko asiyejua. Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba vijana wanaochana leo wanaiona njia hiyo vizuri sana, na anayeota uteuzi hawezi kuandika kama anayeota kuuza kanda Manzese.

Wapo watakaoniambia intaneti imemaliza yote hayo, kwamba sasa rapa anapandisha wimbo mwenyewe na hamwogopi mtu wa redio. Kumbuka "Wapo" ulisambaa mtandaoni kabla haujagusa redio nyingi, na polisi walimfikia mwenye wimbo vilevile. Mtandao umefungua mlango wa usambazaji, ila fedha yake inatoka kwa mtangaza biashara, na mtangaza biashara ana ladha za mdhamini wa bia. Walionufaika haraka ni vijana wa singeli wa Tandale na Manzese, wanaochana kwa kasi ya ajabu na kulipwa vigodoroni, zile sherehe za mtaani, na watu wa mtaa wenyewe, noti kwa noti. Mahafidhina wa hip hop hawataki kuwahesabu. Mimi nawahesabu kabla ya wengi wanaojiita wagumu.

Mei 2022 Sugu aliadhimisha miaka 30 ya muziki wake kwa tamasha katika hoteli ya Serena, katikati ya Dar, na mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Kwa aliyefungwa miaka minne nyuma kwa kumkashifu rais mwingine, hilo ni jambo kubwa, na waliosema nchi imepumua hawakukosea. Waliouliza kwa nini sherehe ya "Hali Halisi" haikufanyika Temeke kwa kiingilio cha mtu wa Temeke nao hawakukosea, na swali lao bado halijapata jibu.