Dereva Hana Macho

Aliyesema safari ni raha hakuwa ameshika usukani.

Mimi wikiendi yangu nilishaipangia kulala. Mama Neema akaja na lake: twende kwa dada yake anayeishi Katesh, njiani tupitie mashamba ya zabibu, tuone milima, na mama naye anyooshe miguu. Mama ni mama mkwe. Ukisikia mama mkwe yumo, hapo hakuna mjadala, ni kujaza mafuta tu.

Tukaanzia Makutupora, kaskazini ya Dodoma mjini. Zabibu pale huvunwa mara 2 kwa mwaka. Ulaya wanavuna mara moja na ndio wanaoringa. Mkulima akatutembeza katikati ya mizabibu, akatueleza wanavyoikata matawi ili izae upya, kisha akasema, "Sasa muonje mchuzi." Huko waini ambayo haijaingia chupani huitwa mchuzi wa zabibu. Mama mkwe akauliza unaliwa kwa wali au ugali. Mke wangu akaonja mwekundu, akaonja mweupe, akarudia mwekundu ili asije akakosea. Mimi je? "Wewe dereva, Baba Neema." Nikapewa punje 3 za zabibu. Basi nikanunua chupa moja, nikaiviringisha kwenye taulo nyuma ya kiti. Yangu hiyo, jioni, Katesh.

Barabara ya Babati ni lami tupu, na hapo ndipo shida inapoanzia. Gari linataka kukimbia, kibao kinasema 50. Unamaliza kibao, kijiji kingine hicho, 50 tena. Nilijisahau kidogo tu baada ya Haneti, afande akachomoza nyuma ya mbuyu na tochi yake ya kupimia mwendo. Elfu 30. Kumbe wapo wanaolewa kwa pesa chache kuliko hizo.

Kolo tukapanda kwenye michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Twiga, pofu, watu wembamba kama njiti, vyote kwa rangi nyekundu. Nasimuliwa tu, maana mimi nilikuwa nimemshika mama mkono, natazama anapokanyaga. Akahema, akasema, "Neema kachora ukutani mara moja ukamchapa. Hawa wamewekewa na mlinzi."

Kuelekea Bereko barabara inapanda, inajikunja, na huko nyuma makelele: "Lione bonde lile! Baba Neema, tazama!" Nageuza shingo robo. "Tazama mbele, utatuua!" Nilichokiona mimi ni makalio ya lori la alizeti, kilomita kwa kilomita. Namba zake nazijua kuliko za simu yangu.

Katesh ipo miguuni pa Hanang, mlima wa mita zaidi ya 3,400. Tukakuta umejifunika wingu gubigubi. Sawa, nikasema, chupa ipo. Nikaenda kuoga vumbi.

Natoka bafuni, harufu nzuri jikoni. Mama mkwe yuko kwenye sufuria, anakoroga jogoo.

"Baba, ule mchuzi wako nimeumalizia humu. Mchachu kidogo, nimeongeza nyanya."

Nitamwambia nini mama wa watu? Nikashukuru. Nikaomba wali zaidi, nikaparuza sahani mpaka maua yake yakaanza kufifia. Nje wakaanza kuitana: wingu limeondoka, mlima wote uko wazi! Wakatoka mbio.

Mimi nikabaki na sufuria.