"Kwa muda tu"

Mwaka jana niliitwa na mzee mmoja mwenye duka la pembejeo, si mbali na soko la Majengo hapa Dodoma. Mfumo wake wa mauzo ulikuwa unasuasua. Nikavuta kiti cha plastiki nyuma ya magunia ya mbolea, nikaanza kukagua seva nikidhani diski imejaa. Kwa mazoea tu nikafungua faili la pg_hba.conf. Mstari wa kwanza ukasomeka hivi:

host all all 0.0.0.0/0 trust

Faili hilo ndilo bawabu wa PostgreSQL, programu inayotunza kanzidata ya mauzo. Kila mstari unaeleza nani anaingia, kwenye kanzidata ipi, akitokea anwani gani, na athibitishwe vipi. Huu ulikuwa unasema: yeyote, kutoka popote, apite bila kuulizwa nywila. Kazi yake ni kutaja jina tu, na jina la postgres, la mtumiaji mkuu, linajulikana dunia nzima.

Kilichonichekesha, kama ni cha kuchekesha, ni mstari wa pili. Ulikuwa safi kabisa: scram-sha-256, njia salama ya kudai nywila. Aliyeuweka bila shaka alilala usingizi mnono. Lakini PostgreSQL husoma faili hilo kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Haishuki kujaribu unaofuata. Ule wa pili ulikuwa pambo.

"Mzee, nani alikuwekea hii?"

"Kijana mmoja wa chuo. Nywila ilisahaulika, akasema anafungua kwa muda tu, atarudi."

Miaka miwili hajarudi. Na poti 5432, mlango wa mtandao wa PostgreSQL, ilikuwa imefunguliwa kwenye ruta ili mzee aweze kuangalia mauzo akiwa Dar.

Sidhani kijana yule hakujua. Alijua, ndiyo maana alisema atarudi. Mafundi wengi tunajua vizuri tu, ila mteja amesimama mgongoni, tunafungua, kazi inaenda, tunalipwa, tunaondoka. Kisha tunahubiria watu kubadilisha nywila kila mwezi, jambo ambalo kwa maoni yangu huishia kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini.

"Sasa nani ahangaike na duka la mbolea?" mzee akaniuliza. Hakuna anayelihangaikia, mzee wangu. Programu ndizo zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga kila poti. Januari 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilifutwa na kuachiwa ujumbe wa kudai fedha. Nyingi hazikuvunjwa popote, zilikuwa wazi bila nywila. Na kwa PostgreSQL, anayeingia kama mtumiaji mkuu anaweza hata kuendesha amri kwenye seva yenyewe. Daftari la madeni lilikuwa humo pia, majina na namba za simu za wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mzee hakuwahi kufikiri inamhusu.

Nikafuta mstari. Nikafunga poti, nikamwekea VPN, njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wa duka, ya kutumia akiwa safarini. Mfumo nikaupa mtumiaji wake mwenyewe, wa kugusa majedwali yake tu. Nywila za zamani zilikuwa zimehifadhiwa kwa md5, mtindo wa zamani wa kuzificha, na mstari wa SCRAM haukubali hizo, kwa hiyo nikaziweka upya moja moja.

Kompyuta ya kaunta ikagoma. Dreva yake, programu ndogo inayoiunganisha na kanzidata, ilikuwa ya zamani mno, haiijui SCRAM. Foleni ikafika mlangoni, mama mmoja anataka dawa ya mizabibu, bodaboda yake inamsubiri juani. Mzee akaniinamia: "Fundi, si ufungue tu kidogo?"

Niliandika trust. Nimeiandika kabisa, kwa mkono wangu. Kisha nikaifuta, nikamwomba binti wa kaunta aandike risiti kwa mkono, nikaanza kupakua dreva mpya kwa bando la simu yangu.

Ilichukua dakika arobaini. Mama wa dawa alishaondoka.