Kiti cha Enzi Kina Mengi ya Kusema, Mkeka Je?

James de Vere Allen, aliyewahi kusimamia makumbusho ya Lamu katika miaka ya 1970, hatajwi sana nje ya kundi dogo la watafiti wa pwani, na pengine ni kwa sababu aliandika kwa kirefu juu ya viti na mpangilio wa vyumba, mambo ambayo wanahistoria waliozoea orodha za masultani huyaona madogo.

Kwa maoni yangu, kuanza kuisoma historia ya Waswahili kwenye vyombo vya nyumbani hakukuwa kosa. Kiti cha enzi, chenye mbao nyeusi, nakshi za pembe au mfupa, mgongo wa kamba zilizosukwa na kibao cha kuwekea miguu, kilitengwa kwa mwenye cheo au mgeni wa heshima. Ukijua nani alikikalia na nani aliketi chini, umekwisha kuijua nusu ya siasa ya mji. Zidaka nazo, yaani vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu ukutani, zilibeba sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Wala jicho hili halikuletwa na wageni, maana Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoomboleza maanguko ya mji wa Pate katika utenzi wake, Al-Inkishafi, alizitazama zidaka zilizokuwa za sahani akaona zimekuwa malazi ya ndege.

Pingamizi lililopo, hata hivyo, ni zito. Vilivyodumu ni vya waungwana wa nyumba za mawe. Mkeka, kinu na kitanda cha kamba vilitumika mpaka vikachakaa, vingine vikaishia mekoni kama kuni, na mtumwa aliyezipangusa sahani zile hakuacha kiti chochote. Isitoshe, nyumba nyingi za mawe zinazosimama Lamu leo ni za karne ya 18 na 19, kwa hiyo anayezisoma kwa maelezo ya wenyeji wa karne ya 20, kama alivyofanya mwanaakiolojia Linda Donley, huenda anawavisha mababu mawazo ya wajukuu.

Lakini lawama hiyo inagusa upana wa kazi, si njia yenyewe ya kuwasoma watu kwa vyombo vyao, maana hata wasio na viti vya enzi huacha vyao. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walipochimba Tumbe, kisiwani Pemba, kijiji cha nyumba za udongo kilichokaliwa kabla ya mwaka 1000, hawakukuta zidaka wala kaure za kupanga ukutani. Walikuta maelfu ya vigae vyenye michirizi, ambavyo watu wa nyumba zile walivitumia kusugulia shanga.