Shingo haina damu, je mtu adai?

Mwaka jana shemegi yangu alipanda daladala kutoka Mwanakwerekwe, gari imesimama inashusha abiria ikagongwa nyuma na keri, kile kigari kidogo cha mizigo. Watu wakashuka wakajitazama, hakuna damu, dereva wa keri akaomba radhi akatoa elfu kumi kumi kwa wa siti ya nyuma, kila mtu akasema alhamdulillahi ni kadari, gari zikaondoka. Asubuhi yake shingo haigeuki. Na yeye ni fundi cherehani, kutwa kainama, basi wiki sita cherehani imefunikwa kanga na hela haingii.

Tangu hapo kwetu mjadala haujesha. Mzee anasema kudai fidia kwa shingo isiyo na hata mchubuko ni tamaa, dereva mwenyewe deiwaka, gari kashikishwa kwa siku tu, hesabu ya tajiri inamngoja jioni, utamtoa wapi? Mimi nasema alikuwa na haki ya kudai, lakini nakiri mzee ana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani.

Ukigongwa nyuma kiwiliwili kinasukumwa mbele na siti, kichwa kinabaki, halafu kinarushwa. Misuli na kano za shingo zinavutika, na eksirei zaidi inaonesha mfupa, kwa hiyo picha inatoka safi kabisa na mtu hawezi kulala. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache, wengine wanabaki nayo. Yaani ushahidi mkubwa ni kauli ya mgonjwa, na hapo ndo shaka inapoingia.

Na shaka si ya mzee peke yake. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa Lithuania, nchi ambayo wakati ule wenye bima ya majeraha walikuwa wachache mno, wakaulizwa watu 202 waliogongwa nyuma mwaka mmoja hadi mitatu kabla, ikaonekana maumivu ya shingo ya muda mrefu kwao si mengi kuliko kwa wasiogongwa. Jimbo la Saskatchewan huko Kanada likaondoa pesa ya maumivu mwaka 1995, madai yakashuka zaidi ya robo na mafaili yakafungwa mapema. Kwa hiyo pesa inagusa maumivu, siwezi kukataa. Lakini wakosoaji wa Lithuania walisema idadi ile ni ndogo kuwanasa wachache wanaobaki na maumivu, na mimi naongeza, sisi hapa hatudai, tunakwenda kuchuliwa na mafuta ya karafuu tunanyamaza, sasa ukimya huo utauita uzima?

Uingereza walipoona madai yamezidi hawakuyafuta, Mei 2021 waliweka viwango, pauni 240 kwa maumivu yasiyozidi miezi mitatu mpaka 4,215 kwa yanayofika miaka miwili, na kampuni ya bima hairuhusiwi kukupa ofa kabla ripoti ya daktari haijapatikana. Hicho cha mwisho ndo nakitamani hapa! Maana maumivu ya shingo mara nyingi yanakuja baada ya masaa au siku ya pili, sasa wewe ushapokea elfu kumi barabarani, umekubali bei ya kitu hujakiona.

Halafu ile huruma kwa dereva, nayo nairudia kila siku, bima ndogo ni lazima kwa kila gari kwa sababu hii hii, wa kulipa aliyeumizwa ni bima, si mfuko wa deiwaka. Kinachomuumiza deiwaka ni kitu chengine, gari kushikwa kituo cha polisi siku mbili tatu huku hesabu haipo, na hapo namuelewa kwa nini anatoa noti haraka haraka. Hilo likirekebishwa, gari ikakaguliwa ikaachiwa siku ile ile, nadhani wengi wangekubali kwenda polisi bila ugomvi.

Shemegi siku ya tano ndo akenda kituoni kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, ili apimwe na maumivu yaandikwe. Akaulizwa namba ya gari iliyogonga. Akampigia konda, konda hana, akawapigia wawili waliokaa naye siti moja, nao hawana, kila mmoja anaikumbuka rangi tu.