Mjomba wangu hakufa maskini kwa kosa lake

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kongamano la vijana hapa Kigoma mjini, safu ya nne kutoka mbele. Mheshimiwa aliyealikwa kufungua alisimama akasema ile sentensi ambayo sote tumeshaisoma nyuma ya bajaji: kuzaliwa maskini si kosa lako, kufa maskini ni kosa lako. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kijana aliyekaa ubavuni kwangu aliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari mara mbili.

Mikono yangu ilibaki mapajani. Siku tisa kabla ya hapo tulikuwa makaburini Ujiji, tunamzika mjomba wangu.

Mjomba alianza kazi akiwa mtoto na akaacha wiki tatu kabla ya kufa. Sikuwahi kumkuta amelala mchana ila siku ambazo alirudi alfajiri kutoka ziwani, na hata siku hizo adhuhuri ilimkuta ameamka anashona nyavu. Hakunywa, hakucheza kamari. Ameacha watoto wanne, baiskeli, redio, na chumba na sebule ambavyo kodi yake ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Kama kufa hivyo ni kosa lake, basi mheshimiwa anionyeshe ni usiku upi kati ya usiku wote ule alipolitenda.

Waliokulia mwaloni, pale wavuvi wanapotua, hesabu hii ya mgawo wanaijua, lakini naiandika kwa sababu pale ukumbini hakuna aliyeigusa. Tuchukue usiku mmoja mzuri wa giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa. Dagaa wamepatikana, mauzo ya asubuhi yamefika 400,000. Kwanza inatoka petroli na chakula, tuseme 100,000. Zinabaki 300,000. Nusu ni ya mwenye chombo. Nusu nyingine wanagawana mabaharia sita, kila mmoja 25,000. Huo ndio usiku mzuri. Usiku ambao upepo umewarudisha mapema, au dagaa hawakupanda kwenye taa, petroli imeshaungua na lazima ilipwe, kwa hiyo inaandikwa kwenye daftari na kukatwa kwenye usiku utakaofuata. Mbalamwezi ikija watu wanakaa nchi kavu, na tumbo halijui habari za mwezi. Sasa mtu mwenye vyombo vitatu, kwenye usiku uleule mzuri, anaamka asubuhi anakuta 450,000 zake na miguu yake mikavu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwenye chombo ndiye aliyenunua injini na nyavu, na dhoruba ikivichukua hasara ni yake. Nakubali pia kwamba tajiri wa mjomba si mtu mbaya, maana msibani alileta gunia la mchele na alikaa nasi mkekani mpaka jioni. Lakini injini ile ililipa gharama yake zamani sana, ikalipa na ya pili na ya tatu, na mgawo wa mabaharia haukusogea hata kwa shilingi moja. Mjomba alivua kwa zaidi ya miaka thelathini. Fedha alizosaidia kuzitoa majini zimejenga nyumba tatu za kupangisha, ninazijua kwa rangi ya mageti yake. Yeye alikufa akiwa mpangaji.

Nimesema tajiri. Lisikilizeni neno hilo vizuri. Kwetu mwajiri ndiye anayeitwa tajiri. Tajiri wangu kanipigia simu, tajiri wangu kasafiri. Mjomba alimwita hivyo mtu aliyezaliwa nyuma yake kwa miaka kumi na mitano. Ndani ya neno hilo kuna ukweli ambao hotuba zinaukwepa: utajiri wa huyu na kazi ya yule ni jambo moja, vimefungwa kamba moja, na ukitaka kujua kwa nini mmoja hana huwezi kuacha kuuliza mwingine alipata wapi. Hotuba ya fursa huikata kamba hiyo. Inamsimamisha baharia peke yake mbele ya kioo na kumwambia ajitazame, kasoro iko kwake, abadilishe mtazamo.

Na fursa tuliorodheshewa. Kigoma ni lango la Kongo na Burundi, kuna ziwa, kuna bandari, kuna michikichi, reli ya kisasa inakuja. Yote ni kweli, sibishi. Mimi mwenyewe nimenufaika na lango hilo, nimeuza vitenge viwili vitatu. Ila reli ya zamani nayo ilifika hapa mwaka 1914, na tangu wakati huo watoto wa Kigoma wanaimbiwa lango. Babu yangu mzaa mama aliipanda reli hiyo kwenda Tanga kukata mkonge. Alipewa namba, akawa manamba kama maelfu ya Waha wenzake. Kulikuwa na kodi ya kulipa kwa fedha taslimu, na mkoa huu ulikuwa umetengwa uwe wa kutoa nguvu kazi kwa ajili ya mashamba ya wengine. Walioipanda treni ile na waliouza katani ng'ambo wote waliitumia reli moja. Mmoja alirudi na blanketi.

Niseme hapa kuhusu maneno, maana ndiyo yaliyonifanya niketi kuandika.

Mjomba alikuwa na msamiati ambao wanawe hawana. Alisema mnyonyaji, kabaila, kupe, mirija. Aliyapata shuleni na redioni, miaka ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, azimio lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa kwenye kampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikayalegeza masharti hayo. Polepole maneno nayo yakaondoka, na mahali pake tukaletewa mengine: mjasiriamali, mtu wa hali ya chini, mnyonge, fursa. Ukimwita mtu mnyonyaji umesema kuna anayenyonywa. Ukimwita mtu mnyonge umesema tu kwamba hana nguvu, kana kwamba alizaliwa hivyo kama anavyozaliwa mtu mrefu au mfupi. Aliyemnyong'onyesha ametoweka kwenye sentensi. Mama muuza dagaa anayekopa asubuhi na kurejesha jioni anaitwa mjasiriamali, jina lilelile la mwenye maghala matano, na kwa kuwa jina ni moja tunaambiwa mbio zao ni moja, na akibaki nyuma ni kwa sababu hakukimbia vya kutosha.

Sisemi turudi kwenye siasa za miaka ile ya Azimio. Mjomba mwenyewe angenikemea. Alikuwa mtoto Kasulu mwaka 1972 ilipopita Operesheni Kigoma, ile ya kuwahamishia watu vijijini, wakahamishwa wakaliacha shamba lililokuwa tayari kuvunwa, na mpaka anakufa hakupenda mtu autaje mwaka huo. Maduka matupu aliyaona, foleni ya sabuni aliipanga. Lakini kushindwa kwa dawa hakufuti ugonjwa, na jina la ugonjwa lilikuwa sahihi.

Kuna pia lugha ya sote. Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tuliambiwa sote tujitoe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Naliunga mkono lile la kulipumzisha ziwa. Samaki walikuwa wanapungua, kila mtu hapa alikuwa anaona, na nchi zote nne zinazolizunguka zilikuwa zimekubaliana. Linaloniumiza ni hilo neno sote. Katika miezi ile mitatu mwenye vyombo aliendelea kupokea kodi za nyumba zake. Mjomba alibeba zege kwenye nyumba moja inayojengwa Mwandiga, na umri wake ulikuwa umeshapita miaka sitini. Nilimwona ngazini na karai kichwani, akanigeuzia uso ili nisimsalimie. Ziwa lilipumzika kwa mgongo wake, si kwa mgongo wa sote, na kama nchi inataka mtu alipe gharama ya wote basi nchi imlipe mtu huyo.

Ya kodi nitayapita haraka: asilimia 18 ya VAT kwenye mche wa sabuni ni ileile, uununue ukiwa na vyombo vitatu au ukiwa huna hata kasia. Na mikopo inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ni kitu chema, nimewaona akina mama walioinuka kwayo, lakini haiwezi kufanya kazi ya mgawo wa haki.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana, nilipomlalamikia baada ya kongamano, alinijibu kwa upole: mwanangu, vidole vya mkono havilingani. Nilimwitikia kwa adabu, shikamoo mzee, nikaondoka, ila jibu lake limenifuata mpaka nyumbani. Ndiyo, havilingani. Lakini sijaona kidole kinachokula chakula cha kingine, wala sijaona mtu anayekiambia kidole kidogo kwamba udogo wake ni uvivu. Methali ile ilitungwa kutufundisha kuchukuliana, na inanisikitisha kuona inageuzwa kuwa kufuli.

Na najua hotuba si chuma. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu tuliambiwa ni mshikamano, ni uzalendo. Watu walikataa kuitwa wazalendo kwa gharama ile, walisema kila mahali, na Septemba ya mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kilichotangulia kupunguzwa ni imani ya watu katika lile neno.

Turudi makaburini. Baada ya dua, kaka yangu alisimama kwa niaba ya familia akasema kama isemwavyo siku zote: anayemdai marehemu aje atuone, na anayedaiwa naye aje. Jioni alikuja karani wa chombo. Alikuja kwa heshima, akavua viatu, akampa pole shangazi, kisha akatoa daftari. Petroli ya usiku mitatu mibaya, fungu la mjomba, 46,000. Tulichanga tukalipa palepale, maana hakuna anayetaka mpendwa wake alale na deni.

Nilimwomba karani anipe daftari nilitazame. Hakukataa. Nikafungua kurasa za nyuma, nikaweka kidole kwenye jina la mjomba na kuhesabu usiku alioingia ziwani katika mwaka wake wa mwisho. Ni usiku 171. Karani akalichukua daftari lake, akalikata jina kwa kalamu ya bluu mstari mmoja ulionyooka, akaaga.

Namba hiyo niliiandika kwenye karatasi ya mchango wa msiba na bado ninayo. Tumeambiwa mheshimiwa atarudi mwezi ujao, safari hii kwenye mkutano wa hadhara, na kutakuwa na nafasi ya maswali. Nitakwenda mapema nikae mbele.