Mbawakawa wa kichuguu: tuamini umbo au DNA?

Mvua za Desemba zikishaanza Dodoma, taa ya nje hujaa kumbikumbi. Kati yao hutua mbawakawa mwembamba wa rangi ya udongo. Mlaze chali kiganjani: atatulia, kisha "ta!", ameruka na kugeuka. Chini ya kifua ana mwiba uliojibana ukingoni mwa kishimo. Ukiponyoka na kuzama humo, mwili mzima hurushwa.

Huyo ni wa familia ya Elateridae, yenye spishi takriban 10,000 duniani. Afrika ina majitu ya familia hiyo, jenasi Tetralobus, mengine yakipita sentimita 6, dume likiwa na papasi zilizochanua kama upepeo. Linnaeus, Mswidi aliyeasisi mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe, alimwelezea mmoja wao mwaka 1767, na bado wataalamu wanabishana wamweke wapi kwenye mti wa ukoo wa familia hiyo.

Kwa muda mrefu majitu hayo yalihesabiwa kabila tu, yaani kikundi kidogo, ndani ya nusufamilia ya Agrypninae. Mwaka 2016 mtafiti wa mbawakawa Robin Kundrata na wenzake, wakitumia DNA, waliwatenga kuwa nusufamilia kamili, Tetralobinae. Wanaoshikilia umbo nao wana hoja nzito: lenzi ya mkononi inatosha kuliona, ilhali DNA hupatikana kwa shida katika vielelezo vilivyokaa kwenye pini miaka mingi, na vya Afrika vingi ndivyo vilivyo. Lakini umbo hudanganya. Mbawakawa waitwao Drilini, ambao majike yao hayana mabawa na mabuu yao hula konokono, walikuwa familia yao wenyewe hadi DNA ilipowarudisha kwa hawa warukaji mwaka 2011. Kwa macho nani angewaita ndugu? Mimi naifuata DNA.

Kwenye ramani nasita. Tetralobinae wako Afrika na Australia, na ni rahisi kusema waliachana Gondwana, bara la kale lililoziunganisha Afrika na Australia, lilipopasuka, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Ila jenasi yao nyingine, Sinelater, iko China na Vietnam, nje kabisa ya Gondwana. Huenda walisambaa baadaye kwa njia nyingine.

Jibu linahitaji vielelezo vibichi, hasa mabuu, na mabuu ya Tetralobus huishi ndani ya vichuguu vya mchwa. Hapa kwetu vichuguu vinasawazishwa kila wiki kupisha viwanja, udongo wake ukifyatuliwa matofali. Kila jembe likishuka natamani mtu ainame atazame kabla bonge halijapondwa.