Pickering alikuwa mgonjwa, si mlevi tu

Kuna makala imemtaja John Pickering, jaji wa zamani wa Marekani, kama jaji mlevi aliyefukuzwa, basi. Jamani, mtendeeni haki! Alikuwa jaji mkuu wa jimbo la New Hampshire kabla Rais Washington hajamteua jaji wa shirikisho mwaka 1795. Baadaye akili ikayumba. Sheria ya 1801 iliruhusu jaji mwingine amshikie nafasi, lakini Bunge likaifuta 1802, mgonjwa akarudishwa kitini. Ndipo ikaja kesi ya meli Eliza iliyokamatwa na forodha: akaamuru meli irudishwe kwa mwenye nayo, mashahidi wa serikali akakataa kuwasikiliza. Mwanawe Jacob aliieleza Seneti wazi kwamba baba yake amerukwa na akili. Machi 1804 Seneti ikamtia hatiani vilevile, kura 19 kwa 7, kisha ikamwondoa kwa kura 20 kwa 6. Kwangu mimi, waliofuta ile sheria ndio wa kulaumiwa kwanza.